Deni la Nani, Shingo ya Nani

Basi likipinduka kwenye kona na kuua abiria, kabla trafiki hawajapima breki utasikia mtu akisema mwenye basi "ametoa kafara". Msanii kijana akifa ghafla, wapo watakaoanza kuhesabu nani amenunua gari jipya baada ya arobaini. Mtoto akipotea na kuokotwa siku ya tatu akiwa amekatwa kiungo, neno ni hilohilo. Imamu anayesimulia kisa cha Nabii Ibrahimu siku ya Idi ya kuchinja, na padri anayehubiri Ijumaa Kuu, nao wanaligusa jambo hilo kwa maana iliyo mbali kabisa na ya kijiweni. Juu ya hayo, wapo wanaosema kuua watu kwa ajili ya miungu kulikuwa ushenzi wa Waafrika, na wapo wanaowajibu kwamba hakukuwako kamwe, ni uzushi wa wakoloni. Wote hawawezi kuwa na haki, na wengi wao hata hawazungumzii kitu kimoja.

Swali lenyewe ni zito. Kwa nini jamii nyingi, zilizotenganishwa na bahari na maelfu ya miaka, zilifika mahali pa kumchinja mtu na kuliita tendo hilo ibada? Majibu yaliyotolewa ni mengi na yanagongana. Hoja nitakayoitetea hapa ni kwamba imani peke yake haitoshi kulieleza. Imani ilitoa lugha ya deni: binadamu anadaiwa na walio juu yake, na deni kubwa hulipwa kwa uhai. Lakini karibu kila mahali ambapo waliouawa wanatambulikana, aliyedaiwa si yule aliyelipa.

Neno na mipaka yake

Historia ya neno letu inasaidia kuliona jambo hili. Kafara limetoka Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu ni kile anachofanya mkosaji kufuta kosa lake mwenyewe: aliyevunja kiapo hulisha masikini kumi au kuwavisha, au humwacha huru mtumwa, na asiye na uwezo hufunga siku tatu. Mwenye kosa ndiye anayegharimika. Huku pwani neno likapanuka, likaingiza kuku, mkate na sarafu zinazoachwa njia panda ili balaa iondoke na atakayezipitia, na hata ng'ombe anayezungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Hapo mzigo umeshaanza kuhama mgongo. Katika maneno ya kijiweni ya leo safari hiyo imefika mwisho: mtu anakufa ili mwingine atajirike, na hakuna tena anayeuliza kosa lilikuwa la nani.

Mwanahistoria anapotaja kafara ya binadamu huwa na maana finyu zaidi. Mtu anauawa kwa utaratibu unaojulikana, kwa idhini ya wenye mamlaka, ili kitu kiwafikie mungu, mizimu au nguvu nyingine isiyoonekana. Karibu na hilo kuna mauaji ya watumishi wanaozikwa pamoja na bwana wao. Hapo hakuna mungu anayelishwa, ila yupo marehemu anayehitaji wapishi na walinzi huko aendako. Kuna pia adhabu ya kifo iliyovikwa vazi la ibada, na mpaka wake umewagombanisha kwa miongo kadhaa wataalamu wa historia ya dola ya Asante, katika Ghana ya leo, iliyotawaliwa kutoka Kumasi. Ivor Wilks aliona kwamba wengi wa waliouawa Kumasi walikuwa wahalifu waliokwisha kuhukumiwa; wapinzani wake wakauliza kwa nini hukumu isubiri mazishi ya mkubwa ndipo itekelezwe. Na kuna mauaji ya kuchukua viungo vya mwili vya kutengenezea dawa, ambayo hufanywa kwa siri, kwa faida ya mtu mmoja, na mara nyingi bila kutajwa mungu yeyote. Haya ya mwisho ndiyo yanayotusumbua leo, nami nitayarudia.

Mifupa inasema nini

Anayeshikilia kwamba mambo haya hayakutokea popote anajibiwa na ardhi. Huko Abydos, kaburi la mfalme Djer wa nasaba ya kwanza ya Misri, aliyetawala karibu miaka 5,000 iliyopita, limezungukwa na makaburi madogo zaidi ya 300 ya watu wa nyumba yake, na wengi wanaolichunguza wanaamini kwamba hawakufa kwa bahati wakati mmoja. Kusini zaidi, Kerma, katika Sudan ya leo, wafalme wa karne ya 17 na ya 16 KK walizikwa chini ya vilima vya udongo. Katika ukumbi wa kilima kimoja wachimbaji walikuta mabaki ya watu zaidi ya 300. Ur, Iraki, Leonard Woolley alifukua katika miaka ya 1920 shimo lenye miili 74, wanawake 68 na wanaume 6, wamelala kwa mistari na vito vyao. Anyang, uliokuwa mji mkuu wa watawala wa Shang nchini China karibu mwaka 1200 KK, ndiko kwenye ushahidi mzito kuliko wote: maandishi ya kuagulia yaliyochongwa kwenye mifupa yanataja zaidi ya watu 13,000 waliotolewa katika kipindi kisichofika miaka 250, na mashimo yaliyojaa mifupa isiyo na vichwa yanaafikiana nayo.

Ulaya nayo imo. Mwaka 216 KK, baada ya Hannibal kuwavunja Warumi huko Cannae, Warumi walizika hai Wagiriki wawili na Wagali wawili, mume na mke wa kila taifa, katika soko la ng'ombe la mji wao. Baraza la Seneti halikupiga marufuku kafara ya binadamu mpaka mwaka 97 KK. Hata hivyo waandishi wa Kirumi waliendelea kuwacheka Wagali na watu wa Carthage kwa ushenzi huohuo, kana kwamba soko lao la ng'ombe lilikuwa nchi ya ng'ambo. Kwa hiyo hoja kwamba ni tabia ya bara moja au rangi moja haina miguu.

Ila mifupa ina mipaka yake. Inaweza kuonyesha kwamba mtu alipigwa kichwani, lakini haitoi sababu. Mfano mzuri wa ugumu huo ni Carthage.

Mitungi ya Carthage

Mwaka 1921, karibu na Tunis, liligunduliwa eneo lenye maelfu ya mitungi ya udongo, na ndani yake majivu na vifupa vya watoto wachanga vilivyochanganyika mahali pengine na vya wanakondoo. Wachunguzi walipaita kwa jina la Biblia, Tofethi, lile la bonde la Hinomu ambako nabii Yeremia aliwalaumu watu kwa kuwapitisha watoto wao motoni. Diodoro, Mgiriki wa Sicilia, alikuwa ameandika zamani kwamba mwaka 310 KK, mji ulipozingirwa na Agathocles, watoto 200 wa familia kubwa walitolewa hadharani kwa sababu wakubwa walikuwa wakimdanganya mungu: walinunua watoto wa watu kwa siri, wakawalea, kisha wakawatoa badala ya watoto wao wenyewe.

Je, ni makaburi ya kawaida ya watoto waliokufa wachanga, au ni mahali pa kafara? Mwaka 2010 kundi la wachunguzi likiongozwa na Jeffrey Schwartz lilipima meno na mifupa likasema wengi walikuwa wadogo mno, baadhi hawajazaliwa, hivyo vifo vyao ni vya kawaida katika zama za vifo vingi vya watoto. Patricia Smith na wenzake wakajibu kwamba moto hupunguza ukubwa wa mfupa na hivyo umri ulihesabiwa vibaya. Kwa vipimo vyao wengi walikuwa na wiki chache baada ya kuzaliwa, umri ambao vifo vya kawaida havirundikani hivyo. Kila upande una nguvu yake. Wa kwanza unatukumbusha kwamba mashahidi wa kale walikuwa maadui wa Carthage. Wa pili una msaada ambao hautegemei mifupa: mawe ya kumbukumbu yaliyosimikwa pale yanamshukuru mungu Baal Hammon na mungu mke Tanit kwa kuitikia ombi, na yanalitaja tendo kuwa la nadhiri. Mzazi aliyefiwa hamshukuru mungu kwa kumsikiliza. Kwa hiyo naona mizani inaelemea upande wa kafara, ingawa si lazima kila mtungi uwe na kisa kimoja. Na kile kisehemu kidogo cha Diodoro, cha wakubwa kununua watoto wa wengine, hata kama ni masengenyo ya adui, kinaonyesha kwamba watu wa kale wenyewe walijua mahali pa kutilia shaka.

Ulimi wa msimuliaji

Hakuna mahali ambapo masimulizi yamevuruga ukweli kama Mexico. Vitabu vya Wahispania vinasema kwamba mwaka 1487, mfalme Ahuitzotl alipozindua upanuzi wa Hekalu Kuu la Tenochtitlan, waliuawa watu 80,400 kwa siku nne. Hesabu ya kawaida inatosha kuonyesha tatizo: ni watu 14 kila dakika, usiku na mchana, bila makuhani kupumzika kula. Andrés de Tapia, askari wa Hernán Cortés, Mhispania aliyeiteka Mexico, alidai kwamba rafu ya mafuvu karibu na hekalu ilikuwa na mafuvu 136,000. Waliotaka kuhalalisha kuteka nchi walihitaji tarakimu kubwa, na watawala wa Mexica, yaani Waazteki wa Tenochtitlan, wenyewe walipenda maadui wao wasikie tarakimu za kutisha. Mpiga propaganda wa kila upande alikuwa na faida yake.

Hapo ndipo wengine walipovuka mto na kudai yote ni uzushi. Mwaka 2015 wanaakiolojia wa Mexico walifukua nyuma ya kanisa kuu la jiji sehemu ya rafu hiyohiyo, na kufikia 2020 walikuwa wamehesabu mafuvu zaidi ya 600, ya wanaume, wanawake na watoto. Hayakaribii 136,000, wala si sifuri. Msimuliaji mwenye chuki alitia chumvi, lakini chakula kilikuwapo.

Afrika Magharibi mchezo huo ulikuwa na bei. Archibald Dalzel, mfanyabiashara wa watumwa aliyechapisha historia ya Dahomey mwaka 1793 wakati Bunge la Uingereza likibishania biashara hiyo, alieleza kwa kirefu damu iliyomwagwa katika sherehe za kila mwaka za wafalme wa Abomey. Kusudi lake lilikuwa wazi: anayenunuliwa na kupakiwa merikebuni ameokolewa na kisu. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1897, jeshi la Uingereza liliteka mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, baada ya msafara wa mwakilishi wake kushambuliwa. Afisa Reginald Bacon akauita mji wa damu katika kichwa cha kitabu chake, na maelfu ya sanamu za shaba na pembe zikabebwa Ulaya. Kafara zilikuwako Benin, na zilikuwako Dahomey. Mwanahistoria Robin Law, katika makala yake ya 1985, alikataa kuzifuta kwa ajili ya kulinda heshima ya Afrika. Lakini ukweli wa jambo haumfanyi anayelitaja kuwa mkweli. Mtu anaweza kulia machozi ya kweli juu ya maiti huku mkono wake umo mfukoni mwa marehemu.

Tuhuma pia hurudi kwa mwenyewe. William Arens, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1979 kwamba habari za watu kula watu ni uzushi mtupu, alianza kulifikiria jambo hilo baada ya kufanya utafiti Mto wa Mbu, Tanzania, ambako wenyeji walimshuku yeye kuwa mnyonya damu. Afrika Mashariki nzima, katika ukoloni, ilijaa habari za mumiani, wazimamoto na wachinjachinja wanaokamata watu usiku kwa ajili ya Wazungu. Arens alivuka mpaka alipokataa kila ushahidi, lakini aliuliza swali zuri: kwa nini siku zote mla watu ni yule wa ng'ambo ya mto?

Kwa nini waliua?

Tukishakubali kwamba liliwahi kutendeka, linabaki swali la sababu, na hapa kuna maelezo manne yanayogombea nafasi.

La kwanza linachukua neno la watendaji. Henri Hubert na Marcel Mauss walieleza mwaka 1899 kwamba kafara ni njia ya mawasiliano: kitu kinatakaswa, kinaharibiwa, na kwa kuharibiwa kinafungua mlango kati ya watu na walio watakatifu. Mexica wenyewe waliliita tendo hilo kwa neno lenye maana ya malipo ya deni. Katika masimulizi yao miungu walijitupa motoni Teotihuacan ili jua lianze kwenda. Anayeota jua hilo anadaiwa. Nguvu ya maelezo haya ni kwamba yanawaheshimu watu wa kale kama wenye kufikiri, si wendawazimu. Udhaifu wake unaonekana katika desturi ileile. Kila Mmexica, kuanzia mfalme, alijichoma masikio au ulimi kwa miiba ya mkonge na kutoa matone ya damu yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya mdaiwa mwenyewe. Mioyo, kwa sehemu kubwa, ilitoka kwa mateka wa Tlaxcala na miji mingine jirani, na kwa watumwa walionunuliwa sokoni. Falsafa ya deni inaeleza vizuri matone. Haielezi kwa nini moyo uwe wa mtu mwingine.

La pili ni la tumbo. Michael Harner alidai mwaka 1977 kwamba bonde la Mexico halikuwa na mifugo mikubwa, watu wakakosa protini, na kafara ikawa machinjio. Ni hoja ya kuvutia kwa sababu inaweza kupimwa, na ilipopimwa ikaanguka. Bernard Ortiz de Montellano alionyesha mwaka uliofuata kwamba mahindi, maharagwe, mchicha wa nafaka, bata mzinga na mwani wa ziwani vilitosha, kwamba nyama hiyo iliwafikia wakubwa wachache ambao hawakuwa na njaa, na kwamba kafara ziliongezeka wakati wa mavuno, si wakati wa ukame.

La tatu ni la René Girard, aliyeandika mwaka 1972 kwamba jamii hujaa ugomvi unaoambukiza, na njia ya kuuzima ni wote kumgeukia mmoja asiye na wa kumlipia kisasi. Kifo chake huleta utulivu, na utulivu huo hudhaniwa kuwa kazi ya mungu. Girard ameona jambo ambalo wengine walilipita: mteuliwa ni yule ambaye ndugu zake hawatakuja na mikuki. Ila anataka ufunguo mmoja ufungue kila mlango. Watoto waliopandishwa na Wainka kwenye vilele vya Andes hawakuwa mbuzi wa kubeba ghadhabu ya kijiji; walichaguliwa kwa uzuri na ukamilifu wao.

La nne ni la utawala. Mwaka 2016 Joseph Watts na wenzake walichunguza jamii 93 za jadi zenye lugha za Kiaustronesia, kutoka Madagaska hadi visiwa vya Pasifiki, na kukuta dalili za kafara ya binadamu katika 40. Katika jamii zenye usawa ilikuwapo katika 5 kati ya 20. Katika zile zenye matabaka ya wastani 17 kati ya 46. Katika zenye matabaka makali 18 kati ya 27. Walioamuru walikuwa machifu na makuhani, na waliouawa mara nyingi walikuwa watumwa, mateka na wanyonge. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kafara ilisaidia matabaka yakae na yasiondoke. Wakosoaji walisema, kwa haki, kwamba kuchora mti wa ukoo wa lugha na kuutumia kupata nini kilitangulia nini ni kazi yenye kubahatisha kwingi, na kwamba habari zenyewe zilikusanywa na wamisionari na mabaharia ambao tumeshaona ndimi zao. Hata hivyo mwelekeo wa tarakimu unaafikiana na Anyang, ambako wengi wa waliouawa walikuwa mateka, miongoni mwao watu walioitwa Qiang. Uchunguzi wa kemikali za mifupa ya baadhi yao unaonyesha kwamba walizaliwa mbali, wakaishi mjini miaka kadhaa wakila chakula cha pale, labda wakifanya kazi, ndipo wakauawa.

Waliokubali, na waliotoa watoto wao

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la hiari. Inasemekana wengi walikwenda kwa furaha. Huko Mexico kijana aliyemwakilisha mungu Tezcatlipoca aliishi mwaka mzima akipigiwa magoti, akipuliza filimbi, kisha akapanda ngazi za hekalu kwa miguu yake. Woolley aliamini kwamba wanawake wa Ur walikunywa sumu kwa utulivu na kulala. Lakini mafuvu mawili ya Ur yalipopigwa picha za kompyuta miaka mingi baadaye yalionyesha matundu ya kipigo cha chombo chenye ncha. Katika mlima Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, kwenye kimo cha zaidi ya mita 6,700, miili mitatu ya watoto wa Kiinka iligunduliwa mwaka 1999 ikiwa imehifadhiwa na baridi. Nywele za msichana mkubwa, wa miaka kama 13, zilisomwa kama daftari: mwaka mmoja kabla ya kifo chakula chake kilibadilika kuwa cha watu wakubwa, na matumizi ya majani ya koka na pombe yakapanda, yakafika kilele katika wiki za mwisho. Mtoto anayelazimika kuleweshwa ili afike kileleni hawezi kutajwa kuwa shahidi wa hiari. Sidai kwamba hakuna aliyeamini; naamini wapo walioamini. Nasema tu kwamba wenyewe waliokuwa wakiua hawakuitegemea imani hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Familia za Carthage na machifu wa Andes walitoa watoto wao wa kuzaa. Hapo huwezi kusema mzigo umetupiwa mgeni. Hapa nalazimika kulegeza kamba kidogo. Zipo kafara ambazo mtoaji aliumia kweli, na pengine ndizo zilizoipa desturi nzima heshima yake. Lakini tazama kisa cha Tanta Carhua, binti wa miaka kama kumi wa chifu mmoja wa Ocros, Peru, kilichoandikwa na padri wa Kihispania mwaka 1621. Baba yake alimtoa kwa Inka, binti akafukiwa mlimani, na baba akathibitishwa katika uchifu ambao wajukuu wake waliendelea kuudai. Machozi ya baba yanaweza kuwa ya kweli, na cheo pia ni cha kweli. Aliyelipa ni mtoto.

La tatu ni lile la maafa. Huko Huanchaquito, pwani ya Peru, karibu mwaka 1450, watu wa Chimú waliua watoto zaidi ya 130 na llama zaidi ya 200, na miili ilikutwa juu ya tope zito la mvua katika nchi ya jangwa. Inaelekea ilikuwa El Niño: mafuriko, bahari isiyo na samaki, serikali isiyo na jibu. Je, si hofu tu ya watu waliokata tamaa? Hofu ndiyo, lakini watoto 130 hawakusanywi na hofu. Wanakusanywa na dola yenye wajumbe na orodha.

Ngamia mia moja

Kilichonishawishi zaidi ni namna desturi hii ilivyokoma. Kwa mujibu wa sira, Abdul Muttalib, babu yake Mtume Muhammad, aliweka nadhiri kwamba akijaliwa wana kumi atamchinja mmoja. Mishale ya kura ikamwangukia Abdullah. Ndugu na Makuraishi wakamzuia, wakapiga kura kati ya kijana na ngamia kumi, wakaongeza kumi na kumi hadi ngamia mia moja ndipo mshale ukageuka. Nadhiri ilitimia, na Abdullah akaishi akamzaa Mtume. Kondoo wa Ibrahimu anafundisha jambo hilohilo katika dini tatu: deni linabaki na shingo inabadilika. Misri iliacha kuzika watumishi baada ya nasaba ya kwanza, na baadaye makaburi yakajaa vinyago vidogo vya kufanya kazi badala yao. Watawala wa Qin nchini China, ambao mwaka 621 KK walimzika mtemi Mu pamoja na watu 177, walipiga marufuku jambo hilo mwaka 384 KK, na kaburi la mfalme wa kwanza wa China likapewa maelfu ya askari wa udongo. Hata hivyo mwandishi Sima Qian anasema masuria wasio na watoto na mafundi walifungiwa humo vilevile, kwa hiyo udongo haukuokoa kila mtu.

Kama mungu anaridhika na ngamia au kinyago, basi uhai wa mtu haukuwa sharti la imani. Ulikuwa sharti la kitu kingine. Hawaii, ambako machifu walitoa watu katika mahekalu ya vita, mfumo wote wa miiko ulivunjwa mwaka 1819 na wakuu wenyewe, miezi kadhaa kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka pwani. Buganda, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim anakumbukwa kwa kumwambia Kabaka Suuna, karibu mwaka 1844, kwamba watu anaowaua kwa mamia katika kiwendo, yaani mauaji ya pamoja yaliyoamriwa na Kabaka, ni viumbe wa Mungu na atamjibu Mungu kwa ajili yao. Ni ujasiri wa kusifiwa. Ni haki pia kukumbuka kwamba njia ya misafara aliyoipitia ilikuwa ikiuza viumbe hao hao.

Kwetu leo

Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino wamekuwa wakiuawa na kukatwa viungo Tanzania, hasa kanda ya Ziwa, na baadaye Malawi. Mara nyingi huelezwa kwamba ni mabaki ya mila za mababu. Ushahidi unaelekeza kwingine: viungo vinatafutwa kwa ajili ya bahati ya machimbo ya dhahabu na uvuvi, mahali ambapo mtu hutajirika au kufilisika kwa usiku mmoja. Mganga anauza, wakala anatafuta, muuaji analipwa, mteja anajificha. Mzimu hautajwi. Ni soko, na soko huvunjwa kwa kumfuata mnunuzi. Januari 2015 serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Uganda ilitunga mwaka 2021 sheria maalumu ya kuzuia kafara ya binadamu. Faida ya sheria ya Uganda ni kwamba inawafikia waliogharamia na waliosaidia, si mwenye panga peke yake. Hasara yake ni kwamba inaunganisha tena, chini ya jina moja, mambo ambayo mpelelezi anapaswa kuyatenganisha. Kesi ya kiungo inaanzia kwenye pesa, ilhali kesi ya uvumi inapaswa kuanzia kwa aliyeutunga.

Maana uvumi nao unaua. Usukumani, vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa samadi jikoni unatosha kuyafanya mekundu. Mvua imekosa, mtoto amekufa, ramli imepigwa, na mzee mmoja ambaye hana mtoto wa kiume wa kumtetea anatajwa kuwa ndiye anayetoa wenziwe kafara. Wanaomwendea usiku wanasema wanasafisha kijiji. Girard angeitambua picha hiyo mara moja, na kuhani wa Anyang pia. Polisi anayefika asubuhi asiulize kwanza kama marehemu alikuwa mchawi, kwa kuwa swali hilo tayari limemchagua mdaiwa. Aulize ramli ililipiwa na nani, wauaji walikodiwa kwa kiasi gani, na shamba la bibi yule sasa linalimwa na nani.